Harufu ya solusheni

Leo asubuhi nimempeleka mwanangu kwa fundi baiskeli pale chini ya mwembe, tairi lake la nyuma limepata pancha, na fundi alivyofungua tu ile tyubu ya solusheni, gundi ya kubandikia viraka, ikanipiga harufu nikarudi kimawazo Uvinza, ule mji mdogo wa mkoa wa Kigoma. Nilikaa kwenye benchi nikawa nasikia watu wanaongea ila sipo nao kabisa.

Mnakumbuka ile hija yetu ya baiskeli, Tabora mpaka Ujiji, kilomita 400 na kitu, ya kuchangisha hela ya watu wanaolala nje. Tulifuata njia ile ile ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi wa Kinyamwezi na pembe mabegani na watu waliofungwa minyororo, halafu mapadre wa kwanza wakaipita nao kwa miguu wakafika Ujiji Januari 1879. Padre alitusomea hayo siku ya kutubariki, akasema njia hii imebeba watu wengi wasio na kwao. Mimi nilikuwa nashika hela na kitabu cha risiti. Urambo watu walituchangia vizuri, Kaliua pia, halafu tukaingia kwenye mapori, ndorobo wanang'ata hadi juu ya fulana, tukavuka mto Malagarasi.

Sasa kutoka Malagarasi kwenda Uvinza ni kama kilomita 50 tu, lakini lami ilikuwa haijafika kile kipande, na mimi na kaka tulipata pancha nne. Nne! Miba tupu. Wenzetu tuliwaambia watangulie, solusheni ikaisha, simu zikazima, tukawa tunasukuma tu gizani. Tumeingia Uvinza saa tano usiku, wenzetu hatujui wamelala wapi, hakuna wa kumuuliza, maduka yote yamefungwa. Kaka akasema tukae kwenye baraza la duka moja pale mpaka kukuche.

Kumbe pana mwenyewe. Mzee, amejifunika kiroba cha plastiki, akaamka taratibu bila kushtuka. Tukamwamkia, shikamoo babu, akaitikia marahaba wanangu, akasogea akatupisha upande wa ukuta. Akatuambia msilale huko mwisho, upepo unaingilia kona ile. Akachomoa boksi moja kati ya mawili aliyolalia akanipa, akasema sakafu ya saruji usiku inanyonya joto la mtu, bora ukose blanketi kuliko kukosa boksi. Akamwambia kaka avue viatu aviweke chini ya kichwa, na mnyororo wa baiskeli aufunge mguuni kwake, maana mtu akivuta utaamka. Nimelala mahali pengi maishani, sijawahi kupokelewa vile.

Sikupata usingizi. Mfuko wa michango nilikuwa nimeufunga tumboni chini ya fulana, nausikia kila nikivuta pumzi. Naye hakulala. Akaniuliza binti, mnatoka wapi na baiskeli usiku huu, nikamweleza yote, hija, michango, vyumba tutakavyowapangishia watu wanaolala nje pale Tabora, stesheni na sokoni. Nilieleza kwa moyo kama nilivyokuwa naeleza makanisani njia nzima. Akasikiliza hadi mwisho.

Akasema, mimi natoka Tabora. Nimelala pale stesheni miaka miwili.

Nikanyamaza. Akaniuliza hao watu mliwaandika lini, nikamwambia mwezi wa sita, tulipita usiku na tochi, wapo 12. Akahesabu kidogo na vidole, nikaona, taa ya ng'ambo ilikuwa inammulika mkono. Akasema, mwezi wa tano nilipanda treni kuja huku, nilisikia kuna kazi ya kubeba chumvi, nikabeba wiki tatu mgongo ukakataa.

Halafu akaniuliza: "Ningebaki, mngeniandika?"

Nikamwambia tungekuandika babu.

Akasema, "Basi, haya," akajifunika kiroba chake.

Hakuomba kitu. Hilo ndo linanikaa rohoni, angeomba ningekuwa na la kumjibu. Kila shilingi ya mfuko ule ilikuwa na risiti, na kila risiti nimeandika kwa mkono wangu ni ya watu wa Tabora, walionipa waliniamini hivyo. Hela yetu wenyewe tulibaki na nauli tu ya kurudi. Kulipokucha akatusalimia "mwangaluka", kama wanavyosalimia kwetu, wakati pale kila anayepita anasema "mwakeye". Kaka akamwachia turubai letu na mkate uliobaki. Mimi nilitoa elfu tano kwenye nauli, akaipokea kwa mikono miwili.

Ujiji tulifika kesho yake, tukasali, tukaona ziwa, watu walilia kwa furaha na mimi nililia. Vyumba vililipiwa miezi sita wote 12, na wawili kati yao mpaka leo hawajarudi barazani. Nashukuru sana kwa hilo. Ila nilipopita Uvinza na treni mwaka uliofuata, ilikuwa usiku, nilisimama dirishani na sikuona hata duka lenyewe liko upande gani. Kama ningefungua ule mfuko sijui ningewaambia nini watu wa Urambo. Na sijui kama nilifanya sawa kutoufungua, nimewauliza watu wawili watatu, kila mmoja ana jibu lake.

Nilikuwa namsimulia mwanangu haya tukisubiri kiraka kishike. Akaniuliza, mama, huyo babu anaitwa nani?

Sikumuuliza. Kitabu cha risiti kilikuwa kwenye begi, kalamu ipo, majina ya wale 12 nayajua kwa kichwa hadi leo, la kwake sikuuliza.