Mizani Nane za Kilio

Wapendwa katika Bwana,

Jumapili iliyopita, yapata saa moja jioni, nilijikuta nimeketi jikoni kwangu hapa Donholm, Nairobi, nikingoja simu ya mtu tuliyemzika mwezi wa tatu. Mdogo wangu alikuwa na desturi ya kunipigia kila Jumapili saa hiyo, na wala hatukuwa na makubwa ya kuzungumza: bei ya unga, mvua ya nyumbani, mama ameamkaje. Tangu mazishi nimemwambia kila aliyeniuliza kwamba nimekwisha kupoa na kwamba neema ya Bwana yanitosha, na kwa kuwa mimi ndiye niongozaye ushirika wetu wa Alhamisi, wengi wenu mliniamini. Naomba mnisamehe, kwa maana nilisema hivyo ili msiniulize zaidi.

Mnalijua neno la Zaburi ya 32: "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa, kwa kuugua kwangu mchana kutwa." Najua kwamba hapo Daudi anazungumzia dhambi aliyokuwa ameificha, wala sitaki kulipindisha Andiko. Lakini yeyote aliyewahi kuficha msiba anaijua mifupa hiyo, kwa sababu huzuni iliyonyimwa mlango haiondoki nyumbani. Hulala mgongoni, ikaamka nawe saa tisa za usiku, ikakufanya umkaripie mtoto kwa kosa la kumwaga maji.

Tangu Aprili nimekuwa nikiandika mashairi. Sikuanza kwa hiari yangu. Mzee mmoja wa ushirika wetu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alinijia baada ya ibada akaniwekea mkononi daftari la kurasa 48, akaniagiza niandike ubeti mmoja kila Jumanne na mmoja kila Ijumaa, uwe mzuri uwe mbaya, kisha nimsomee Mungu kwa sauti kabla ya kumsomea mtu yeyote. Nilimwambia, "Mwalimu, mimi si malenga." Akanijibu kwamba hakuuliza mimi ni nani.

Mshororo wangu wa kwanza ulianza, "Nina huzuni moyoni." Nilihesabu mizani, yaani silabi zake, nikazipata nane, nikafurahi kama mwanafunzi wa darasa la sita. Mwalimu aliusoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, huzuni ni jina la mtungi. Niambie kilichomo." Nilikasirika, maana nilidhani mtu aliyefiwa ana haki ya kusema kwamba ana huzuni bila kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo nilirudi kwenye daftari. Ijumaa ile matatu ilikwama Jogoo Road kwa muda mrefu, mvua ikipiga madirisha, nami nikawa nahesabu silabi kwa vidole juu ya mkoba, hata makanga akadhani ninadai chenji. Nilipofika nyumbani nilikuwa na ubeti huu:

Jumapili ya jioni, simu yangu haiiti,
Nakaa pale mezani, ninakitazama kiti,
Nauliza ni kwa nini, siisikii sauti,
Bwana, uko wapi wewe, nami nakungoja hapa.

Hautashinda tuzo yoyote, najua. Lakini kabla ya kuuandika nilikuwa nimebeba wingu lisilo na umbo, na baada ya kuuandika nilijua kwamba linaloniuma lina siku yake na saa yake, na kwamba sikuwa namngoja mdogo wangu peke yake. Nilikuwa namngoja Mungu pia, nikimwona amechelewa. Wiki mbili baadaye kalamu iliandika jambo ambalo sikuwa nimelipanga: "Ulinificha maradhi, ukaniaga kwa cheko." Nilisimama jikoni nikiutazama mstari huo kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine. Miezi yote ile nilikuwa nimemkasirikia marehemu, kwa sababu alijua kwamba anaugua na hakuniambia, nami nilikuwa nimeifunika hasira hiyo kwa nyimbo za sifa. Nilikuwa nimetafuta tu neno la mizani tatu la kumalizia ukwapi, kile kipande cha kwanza cha mshororo, likaja "maradhi", na pamoja nalo ikaja kweli.

Ndiyo maana siamini kwamba vina na mizani ni urembo tu. Fungueni kitabu cha Maombolezo. Yerusalemu imeteketezwa na jeshi la Babeli, karibu mwaka 586 KK, watoto wanazimia kwa njaa njiani, na katikati ya majivu hayo mtu anaketi kutunga mashairi yaliyopangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Sura ya kwanza, ya pili na ya nne zina aya 22 kila moja; sura ya tatu ina aya 66, kwa kuwa kila herufi imepewa aya tatu. Kilio kisichopimika kimepewa chombo cha kukipima. Kisha njooni sura ya tano: aya zipo 22 zilezile, lakini mpango wa herufi haupo tena, kana kwamba nguvu za mwandishi zimemwishia, na kitabu kinafungwa kwa hofu kwamba huenda Mungu amewakataa kabisa. Roho Mtakatifu hakumrudisha mwandishi yule kuongeza aya ya ishirini na tatu yenye tumaini.

Hata wasomi wa nje ya kanisa wameligusa jambo hili. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Mmarekani, James Pennebaker, aliwaomba wanafunzi waandike kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walitoka wakiwa na simanzi zaidi siku hizo, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Tafiti zilizofuata hazikupata faida kubwa kila mahali, wala si ajabu. Na sisi wa mwambao na bara tulikuwa na ushahidi wetu tangu zamani: mwaka 1858 malenga Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate, akiwa ameshikwa na maradhi mwaka mzima, alimwita bintiye asogee na wino na karatasi, akamtungia utendi. Hakuwa wa imani yetu, lakini alijua mahali pa kuuweka uchungu wake.

Nilikuwa nimekusudia kuendelea na namna ya kuandika, ila kuna jambo la Alhamisi ya juzi ambalo haliniachi.

Binti mmoja wa ushirika wetu, mtulivu, ambaye kwa kawaida husema "Amina" na kwenda zake, aliomba kusoma shairi alilolitunga. Lilikuwa na beti mbili. Lilimuuliza Mungu kwa nini anajibu maombi ya wengine kwa haraka na ya kwake anayaacha uani kama nguo zilizosahauliwa kwenye mvua. Alipomaliza, chumba kizima kilinigeukia, nami, kiongozi wenu, mwenye daftari langu la siri mkobani, nilitabasamu nikamwambia, "Ni zuri, mwanangu, lakini ongeza ubeti wa tatu wa shukrani, tusimwachie adui nafasi." Akalikunja lile karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu, akaliingiza ndani ya Biblia yake. Hakusema neno tena mpaka tulipofunga kwa sala.

Wapendwa, najikemea mimi kwanza, kisha niruhusuni niwakemee nanyi. Tumekuwa watu wa kuziba vinywa. Mtu akilia msibani tunamwambia ajikaze. Akilia kanisani tunamwambia amshukuru Mungu kwa yote. Akikaa kimya tunamsifu kwamba ana imani kubwa. Tunaisoma Zaburi ya 23 katika kila mazishi kana kwamba kitabu kile kina zaburi moja, na ya 88 hatuigusi, kwa sababu Hemani Mwezrahi anaianza kwa kilio na kuimaliza gizani, bila hata "lakini" moja ya kutufariji sisi wasikilizaji. Ni nani kati yetu angemruhusu Hemani asome Alhamisi? Tungemwagiza ubeti wa shukrani. Na Bwana wetu mwenyewe, alipotundikwa, hakuuruka mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22 akimbilie ile ya ushindi mwishoni, aliulilia kwa sauti kuu, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Je, sisi tuna imani kuliko yeye? "Ifunueni mioyo yenu mbele zake," yasema Zaburi ya 62. Mzaburi hakutuagiza tuifue kwanza na kuipiga pasi. Shukrani ya kuamriwa ni kodi, na Mungu hana haja na kodi ya binti aliyevunjika moyo. Muacheni mtu alie mpaka kilio kiishe chenyewe. Kikiishia gizani, keti naye humo gizani, wala usiwashe taa kwa sababu wewe ndiwe unayeogopa.

Tunapoimba "Damu Imebubujika", kumbukeni aliyeitunga. Ni William Cowper, Mwingereza, mtu aliyewahi kujaribu kujiua na kutunzwa mnamo 1763 katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko St Albans. Tenzi zake zilichapwa pamoja na za rafiki yake John Newton mwaka 1779. Wala ushairi haukumponya. Miaka yake ya mwisho aliamini kwamba Mungu amemtupa. Lakini ulimshikilia, siku baada ya siku, na Newton alikaa jirani yake miaka mingi akitembea naye mashambani. Nasema haya pia ili mtu asilitumie daftari badala ya daktari. Ukiona kila unachoandika kinakuvuta kwenye kutaka kufa, weka kalamu chini usiku huohuo, umpigie mtu, uende hospitali. Eliya alipojiombea mauti chini ya mretemu, alipata kwanza usingizi, kisha malaika akamletea mkate na maji.

Kwa wanaotaka kuanza, machache yanatosha: siku mbili za wiki, robo saa, asubuhi baada ya sala kuliko usiku wa manane, na jambo moja lililoonekana kwa macho katika kila ubeti, kama vile kiti, simu au sufuria. Vina vikigoma, viacheni vigome.

Jana, Jumamosi, nilipanda hadi ghorofa ya nne mtaani Umoja anakokaa yule binti, nikamwomba msamaha mlangoni kabla hajanikaribisha. Alinitazama, akasema, "Ingia, mama, chai iko motoni." Nilimsomea ubeti wangu wa Jumapili, wote, pamoja na swali la mwisho lisilo na jibu, na sauti ikanikatika kwenye neno "kiti". Hakuniambia nijikaze. Baadaye aliitoa ile karatasi ndani ya Biblia, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja. Alikuwa ameanza ubeti wa tatu, na haukuwa wa shukrani. Tulizihesabu pamoja mizani za ukwapi kwa vidole, tukapata sita. Akasema zile mbili atazitafuta wiki hii, akaenda kuipua chai.