Karakana ya Gorton na Injini Zilizopanda Bara

Hapa Malindi reli haikufika, na huenda ndiyo sababu wengi wetu huzungumzia magarimoshi ya zamani kana kwamba yalizaliwa Mombasa. Yaliyokuwa makubwa kuliko yote yaliundwa Gorton, Manchester, katika karakana ya Beyer, Peacock, iliyoanzishwa mwaka 1854 na Charles Beyer, mzaliwa wa Saxony, Ujerumani, pamoja na Mwingereza Richard Peacock.

Ninachowaheshimia zaidi mafundi wa Gorton ni walivyolipokea wazo la mtu wa nje. Mhandisi Herbert Garratt aliwapelekea mchoro wa injini ya sehemu tatu: boila, yaani chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke, likae katikati juu ya fremu yake, na mbele na nyuma yake pawe na seti mbili za magurudumu zenye silinda zake, kila moja ikigeuka kwenye egemeo lake. Kwa kuwa chini ya boila hapakuwa na magurudumu, liliweza kuwa nene na tanuri likapata kina. Uzito nao uligawanyika kwenye ekseli nyingi, hata reli nyepesi isilemewe na kona kali zipitike. Ya kwanza ilipelekwa Tasmania mwaka 1909. Garratt alifariki mwaka 1913, lakini Gorton hawakuiacha kazi yake.

Kwetu aina hii ilianza kuingia mwaka 1926. Kilele chake kilikuwa aina iliyoitwa daraja la 59, injini 34 zilizoundwa mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, ikichoma mafuta mazito na kuvuta mzigo wa tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, njia inayopanda zaidi ya mita 1,600. Mojawapo, Mount Gelai, imo katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Ukienda, usiishie kustaajabia ukubwa wake. Inama utazame pale tangi la maji, lililo juu ya magurudumu ya mbele, linapoachana na boila. Mabomba ya mvuke yanavuka mwanya huo kwa viungo vinavyogeuka, na kuzuia mvuke wa shinikizo kubwa usivuje kwenye kiungo kisichotulia ndiyo kazi iliyompambanua fundi hodari.

Dizeli ilipotawala, Gorton ilikosa wateja, ikafungwa mwaka 1966. Wakati huo injini zake bado zilikuwa zikipandisha shehena ya Kilindini kwenda bara.