Risasi ya Kila Asubuhi

Jumamosi moja ya mwaka 2019, kwenye uwanja wa shabaha nje kidogo ya Mombasa, bastola yangu ilikataa risasi ya kwanza. Nilitia magazini, kile kibweta kinachoshika risasi, nikavuta slaidi, chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, nikaiachia. Badala ya ule mlio mmoja wa chuma kujifunga, ilitoa sauti butu ikasimama katikati ya safari. Kwa tundu la pembeni niliiona risasi imeinamisha kichwa, ncha yake imejikita chini kwenye kile kimteremko kinachoipandisha kuingia chemba, chumba cha mtutu ambamo risasi hulipukia.

Aliyetusimamia alikuwa mzee mmoja, fundi wa silaha aliyestaafu jeshini. Hakupaza sauti. "Mtutu mbele, mama. Kidole nje. Toa magazini." Nikatii, nikavuta slaidi, risasi ikadondoka mchangani. Akaiokota, akaifuta kwa leso, akaitia mfuko wa shati.

Nina duka la jumla Kongowea. Nilivamiwa mara mbili nikifunga hesabu za jioni, ndipo nikaomba leseni. Nikahojiwa, nikasubiri, nikapewa. Bastola yenyewe ni fupi, ya milimita 9, inakaa kiunoni chini ya buibui bila kuonekana. Sikuwahi kuipenda, lakini niliitegemea, ndiyo maana magoti yalinilegea kuiona imekwama.

Risasi zilizofuata katika magazini ile zilitoka vizuri. Nikatia magazini ya akiba. Baada ya risasi ya tatu slaidi haikufika mwisho. Ilibaki nyuma kwa upana wa ukucha. Risasi imo chembani, ila bastola haijajifunga. Nikanyoosha kidole gumba niisukume. Mzee akanizuia mkono.

"Usiilazimishe. Risasi isiyotaka kuingia ina sababu yake."

Tukahamia kwenye meza, akatandika leso kuukuu akaifungua bastola vipande vinne. Mimi nilishaamua kosa ni la springi ya magazini, na nilikuwa tayari kununua mpya siku hiyo hiyo. Yeye alitaka kujua kwanza. Alichungulia chemba kwa tochi, akapapasa midomo ya magazini kama imepinda, akatia tone moja la mafuta kwenye reli za slaidi. Kisha akaandika 1 na 2 kwenye vitako vya magazini. "Tutabadilisha kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi."

Akanipa kisanduku kipya cha risasi za mazoezi. Thelathini kupitia magazini namba 1, thelathini namba 2. Hakuna hata moja iliyokwama. Ila alinitazama mkono tangu mwanzo hadi mwisho, na nilipomaliza akasema, "Waisindikiza slaidi. Ivute hadi mwisho, uiachie, springi ifanye kazi yake."

Ni kweli. Kila alfajiri kabla ya kwenda dukani huitoa kwenye sefu na kutia risasi chembani, na tangu kitindamimba wangu azaliwe nilikuwa nairudisha slaidi polepole ili nisimwamshe. Miezi ya kabla ya hapo nilikuwa naiachia kwa nguvu zake zote. Usiku nikirudi naitoa ile risasi, asubuhi naitia tena. Ile ile, juu kabisa ya magazini.

"Ile ile?" aliniuliza.

Akaichomoa ile ya mfukoni, akaisimamisha mezani kando ya mpya. Sikuhitaji kuambiwa. Yangu ilikuwa fupi, kama mtoto aliyesimama na nduguye mkubwa. Kichwa kilikuwa kimezama ndani ya ganda, na kwenye ncha palikuwa na kijibapa kinachong'aa, mahali palipogonga kile kimteremko asubuhi baada ya asubuhi. Akatoa vernia, kipimo cha urefu mdogo mdogo: mpya ilikuwa na urefu wa milimita 29.2, yangu 27.9. Nikapiga hesabu: siku sita kwa wiki tangu kisanduku kile kifunguliwe mwaka uliotangulia, ni karibu mara 300.

Ufupi ule ndio ulioifanya risasi iiname na kukosa njia. Hilo lilikuwa dogo. Alinieleza taratibu kwamba baruti iliyo ndani ni kiasi kile kile, lakini nafasi yake imebanwa, na ikilipuliwa mgandamizo unapanda kupita kiwango ambacho chuma kimetengenezewa. Bastola inaweza kupasukia mkononi. Nilikuwa nimeibeba risasi ile kiunoni mwaka mzima nikiamini ni kinga yangu, kwa kuwa risasi ni ghali na sikutaka kuzipoteza kwa mazoezi.

Ile ya pili, iliyobaki bila kufunga, aliipima kwa namna ambayo naipenda hadi leo. Alishika mtutu mtupu, chemba ikitazama juu, akadondosha risasi mpya. Kling! Ikakaa sawasawa, ikazunguka kwa kidole, na alipougeuza mtutu ikatoka yenyewe. Yangu ilishuka kimya ikasimama kabla ya kufika. Kwenye ganda, karibu na kitako, palikuwa na vijidoa vya kutu ya kijani, kama ile inayoota kwenye dele la kahawa lililosahauliwa. Magazini ya akiba nilikuwa naiweka kwenye mfuko wa ngozi miezi na miezi, na hewa yetu ya pwani ina chumvi. Ngozi inashika unyevu, shaba inaliwa. Uvimbe mdogo ule, ambao jicho langu halikuuona kabisa, ulitosha.

Siku hiyo nilitenga risasi 11. Nilizipeleka kituoni zikaandikwa na kupokelewa.

Jumapili usiku, watoto wamelala, nilitandika taulo kitandani na kuufungua mtutu. Nikadondosha risasi mpya moja moja, zote 30, nikisikiliza. Kling. Kling. Zilipokwisha, nilichukua kalamu ya wino mzito nikaweka nukta kwenye kitako cha ile itakayotangulia asubuhi. Ikishatolewa jioni, itashuka chini kabisa ya magazini na nyingine ishike zamu, na ikipata nukta ya pili itakwenda shabaha. Mfuko wa ngozi nikautupa. Kwenye kifuniko cha kisanduku nikaandika tarehe.