Swali la Saa Nane Usiku

Nilipohama nilihama na riwaya yangu, nikiamini kwamba huko niendako ndiko itakakomalizikia. Nilikotoka siku zilikuwa hazinitoshi: watu, kazi, simu, wageni, shughuli za ukoo. Katika mji mpya hakuna aliyenijua, hakuna aliyenigongea mlango. Chumba nilichopanga kilikuwa na meza chini ya dirisha, na muda ulikuwepo tele. Kila nilichokililia kwa miaka nilikipata kwa mkupuo mmoja, na kalamu ikagoma.

Asubuhi nilikuwa nafungua faili, nasoma sura tatu za mwanzo, naziona ziko sawa, naanza ya nne, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Wahusika wangu walikuwa wamegeuka kuwa watu wema. Nilipokuwa naishi jirani na watu walionipa mifano, nilijua uchoyo wa huyu na ulimi wa yule, na jinsi mwingine anavyoweza kununa wiki nzima kwa neno moja. Sasa, kwa hamu niliyokuwa nayo, nilikuwa nimewasamehe wote. Mama mkali wa sura ya pili akawa anatabasamu. Mdeni akawa analipa. Riwaya haiendi na watu waliokwisha kusamehewa, hawana wanachodaiana.

Nikasema basi, niandike hapa nilipo. Nikaandika mvua ya mji ule, ngazi za jengo letu, vituo vya treni, jinsi watu wanavyopishana bila kutazamana. Sentensi zilikuwa safi na yaliyomo yalikuwa ya kweli. Lakini ndani yake hakuna mtu aliyetaka kitu. Ungeweza kuondoa aya yoyote, na hakuna ambaye angeuliza imekwenda wapi.

Nikawa mtu wa maktaba kuliko wa meza. Nilisoma habari za waandishi waliowahi kuhama, kama mgonjwa anavyowauliza waliopona walitumia dawa gani. Nilisoma kwamba James Baldwin aliondoka New York mwaka 1948 akaenda Paris, na kwamba riwaya yake ya kwanza, iliyomsumbua kwa miaka mingi, aliimalizia katika kijiji kidogo cha milimani huko Uswisi, akiwa na taipureta na santuri za Bessie Smith. Nje theluji, ndani sauti ya mwanamke mweusi wa Kusini mwa Marekani, ikimrudishia jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akisema utotoni. Riwaya ikatoka mwaka 1953. Nilisoma kwamba Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar katika miaka ya 1960, alianza kuandika kwa kuelemewa na hali ya kuwa mgeni Uingereza, na riwaya yake ya kwanza ikaja kuchapishwa mwaka 1987. Hiyo ilinifariji, maana kumbe safari huwa ndefu.

Iliyonikaa zaidi ni ya James Joyce. Aliihama Ireland mwaka 1904, akaishi Trieste, Zurich na Paris, na kote huko akaendelea kuiandika Dublin. Mwaka 1921, akiwa Paris, alimwandikia mke wa mjomba wake, Josephine Murray, kumuuliza kama mtu wa kawaida anaweza kupanda uzio wa chuma wa nyumba namba 7, mtaa wa Eccles, akajishusha upande wa pili asiumie. Mhusika wake alikuwa amerudi usiku hana ufunguo, na mwandishi alitaka kuwa na hakika kwamba ataingia.

Haya yote niliyanakili kwenye daftari. Habari ya uzio niliipigia mstari, nikiisoma kama habari ya umakini: mwandishi wa kweli hupima hata kimo cha uzio. Daftari likajaa. Sura ya nne ikabaki pale pale.

Kulikuwa na kitu kimoja nilichokuwa nikikiandika bila kukwama. Dada yangu mkubwa ni muuguzi, na wakati ule alikuwa amepangiwa zamu za usiku katika wodi ya wazee. Kuna saa fulani, baada ya dawa za usiku, wodi hutulia na muuguzi hubaki akipigana na usingizi. Saa hizo nilimtumia ujumbe mrefu wa simu, kwa sababu aliniambia unamweka macho. Nilimsimulia chochote kilichopita mbele yangu mchana. Jirani anayeimba bafuni wimbo uleule na kusahau mstari uleule. Mtoto wa chini anayemsomea babu yake gazeti kwa sauti, akiruka maneno magumu, na babu anayajazia. Na mwanamke wa ghorofa ya tatu.

Huyu wa ghorofa ya tatu, kila alasiri, alishuka ngazi na kiti. Kilikuwa kiti cha mbao, cha mezani, chenye mgongo wa fito. Alipitisha mkono kati ya fito hizo akakipachika begani, na kwa mkono wa pili akashika ukuta. Kila ngazi alitua, miguu yote miwili ikakutana, ndipo akaiendea nyingine. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa umeviringishwa kitambaa cheusi, na kitambaa hicho, kwa kugusa ukuta siku baada ya siku, kilikuwa kimechora mstari wa kijivu juu ya rangi kutoka ghorofa ya tatu hadi chini. Ukiufuata mstari ule uliona mahali anapopumzika: hapo ulikuwa mzito zaidi. Akifika mlango mkubwa anaweka kiti, anakaa, anatazama barabara, kisha anapanda nacho tena. Na pale mlangoni, hatua chache kutoka alipoweka kiti, palikuwa na benchi.

Yote hayo nilimwandikia dada. Na benchi nililitaja.

Usiku mmoja, saa nane, simu ikaita. Alikuwa yeye, na hakuwa na kawaida ya kupiga. Nikakurupuka, simu ya saa hizo mtu huipokea huku moyo umeshatangulia.

"Dada, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mdogo wangu, usiogope. Ni yule mama wa kiti."

"Amefanyaje?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Umetuacha njiani tangu juzi."

"Umetuacha, wewe na nani?"

Ndipo nikajua kwamba alikuwa akiwasomea wenzake wa zamu, na mzee mmoja asiyepata usingizi ambaye huomba kiti chake cha magurudumu kisogezwe karibu na meza ya wauguzi. Usiku ule walikuwa wamebishana. Mmoja alisema yule mama anamsubiri mtu. Mwingine akasema anayesubiri hukaa popote; huyu kuna aliyewahi kukaa kwenye lile benchi, na hataki kukaa alipokaa yeye. Mzee asiyelala akasema kiti ni cha marehemu, na hakiachwi peke yake chumbani.

"Tumeshindwa kukubaliana na asubuhi bado mbali," dada akasema. "Kwa nini hakai kwenye benchi?"

"Sijui, dada."

"Hujui vipi? Msimulizi si wewe?"

Kengele ya mgonjwa ikalia upande wake, akakata simu.

Nilibaki nimekaa kitandani gizani, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale nilitaka kujua kitu kwa nguvu ileile ambayo mtu hutaka maji. Faili la riwaya halikunijia hata akilini. Niliandika kwenye simu, kwa vidole gumba, mahali palepale ninapomwandikia dada: "Alikataa kukaa kwenye benchi kwa sababu benchi linatazama kushoto."

Sikujua kushoto kuna nini. Lakini sentensi ile ilikuwa imekwisha kutoa ahadi, na ahadi ikadai sentensi ya pili. Kushoto kuna kituo cha basi. Kwenye kituo kile mwanawe alipanda basi siku waliyogombana, naye alikuwa amekaa kwenye benchi, akamwona akipanda, asinyanyuke. Waligombania nini? Hapo nikampa ulimi. Nilimpa ulimi wa yule mama mkali wa sura ya pili, kama ulivyokuwa kabla hamu haijaulainisha, na neno alilomtupia mwanawe ngazini lilikuwa neno nililolisikia kwa masikio yangu nikiwa mdogo, likisemwa na mtu niliyempenda. Kwenye ngazi za ugenini, kwa jina la mtu nisiyemjua, watu wa kwetu walirudi na makali yao yote. Na mji ule mpya, uliokuwa umelala kwenye kurasa zangu bila mtu wa kuutaka, ukapata mama mmoja aliyetaka barabara ile imrudishie kitu.

Kila nilipoanza kupamba, nilimwona dada amesimama kwenye mlango wa wodi, simu mkononi, akisema: halafu? Nikafuta pambo nikaendelea. Katika hadithi zetu msimulizi akisema "Paukwa" hungoja aitikiwe "Pakawa", na asipoitikiwa haendelei. Mimi nilikuwa nimepiga Paukwa miezi yote ile katika chumba kisicho na mtu, nikidhani tatizo ni hadithi.

Kulipokucha nilimtumia. Kisha nikafungua daftari langu la maktaba, na ile habari ya uzio ikasomeka upya. Siku zote nilikuwa nimemtazama mwandishi. Sasa nilimtazama mke wa mjomba wake, aliyeko Dublin, ambaye mtu maarufu angeweza kumwandikia kuhusu uzio akitegemea kwamba barua itajibiwa. Nikatoa pia sandukuni kitabu nilichosafiri nacho, mkusanyo wa barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958. Shaaban alikuwa karani wa serikali, mtu wa kuhamishwa vituo, na katika miaka yote hiyo ya kazi na utunzi alikuwa na mdogo mtu wa kumwambia. Nilizisoma barua zile asubuhi nzima nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja kwa muda mrefu. Sisemi kila mwandishi yuko hivi. Wapo wanaoandika vizuri bila kumfikiria yeyote, na nawaheshimu. Mimi siwezi, na kulijua hilo kulinipa njia ya kufuata. Niliacha kujiuliza niandike kuhusu kwetu au kuhusu hapa, nikawa naanza na jambo ambalo kuna mtu atanipigia simu kuliulizia.

Jibu la wodi lilikuja usiku uliofuata. Aliyesema anamsubiri mtu alijiona ameshinda. Aliyesema hataki kukaa pale pa zamani naye alijiona ameshinda. Mzee asiyelala hakuridhika, akataka kujua kiti kilikuwa cha nani.

Siku kadhaa baadaye nilikutana na mwenye kiti ngazini, nikaomba nimbebee. Alikataa kwa upole, tukashuka pamoja taratibu. Tulipofika chini nilimuuliza kwa nini hatumii benchi. Akanieleza bila kuficha. Benchi ni fupi. Magoti yake hayamruhusu kuinuka kutoka kwenye kitu kifupi bila kushikwa mkono, na yeye hapendi kuwasumbua wapita njia. Kiti chake kina kimo kinachomfaa, basi.

Jioni nilimpigia dada kabla hajaingia zamu, nikamwambia.

"Magoti!" akasema, kama mtu aliyekumbuka jina lililokuwa likimpotea. "Na mimi wodi nzima ninayoihudumia ni magoti."

"Sasa hadithi niiache?"

"Uiache kwa nini? Mwana abaki, kituo cha basi kibaki. Ila weka na magoti. Mtu anaweza kuwa na magoti mabovu na mwana aliyeondoka kwa hasira, vyote viwili, na ngazi akazishuka vilevile." Akatulia kidogo. "Tena umemshusha vibaya pale mwisho. Umemtangulizisha mguu mzima. Mwenye goti bovu akipanda hutanguliza mguu mzima, akishuka hutanguliza mbovu. Sisi ndivyo tunavyowafundisha kila siku."

Usiku huo niliirudia aya ya mwisho nikamshusha upya, mguu mbovu ukitangulia na kiti begani, na kwa kuwa sasa alishuka polepole zaidi, palipatikana nafasi ya kuyarudisha yale maneno ya ngazini, kidogo kidogo, moja kwa kila ngazi. Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza niliyoimaliza katika mji ule. Ya pili nilianza kabla ya wiki kuisha, kwa ajili ya mzee asiyelala, aliyekuwa bado anauliza kiti kilikuwa cha nani.