Jinsi nilivyotatua lori kuvuta kushoto

Lori nililonunua likiwa limeshatumika lilikuwa likivuta kushoto, tairi la mbele likaliwa upande mmoja. Nilibadilisha bushi na shokapu, halikupona. Ndipo nikapima kwa futi kamba kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, pande zote mbili. Kushoto palipungua sentimita 2! Ekseli ya mbele ilikuwa imerudi nyuma upande huo: sentaboti ya springi (boliti ya katikati inayoshika majani ya springi na kuiweka ekseli mahali pake) ilikatika, matope yakaificha.

Niliinua kwa jeki na kuegemeza fremu kwenye stendi imara (kutegemea jeki peke yake ni hatari kabisa), nikafunga sentaboti mpya na yuboti mpya (boliti za umbo la U zinazobana springi na ekseli), maana yuboti za zamani huwa zimeshavutika. Nilizikaza nati zake kwa mkingamo (moja, kisha iliyo mkabala nayo kwa mshazari), lori likibeba uzito wake, kisha tena baada ya kilomita 100. Sasa linakwenda limenyooka.