Kola zilizogugunwa

Jumamosi, usiku.

Leo nimepanga kabati la binti yangu nikatoa rundo zima la nguo ambazo bado zinamtosha ila hazivaliki. Hazijachakaa, zimegugunwa. Pindo la kola limebaki nyuzinyuzi, na kila mkono wa sweta una tundu pale anapouvuta hadi kwenye kiganja. Ana miaka saba. Meno ya mbele ya juu ndiyo kwanza yanajitokeza, lakini magego yake yanachapa kazi kama fundi anayelipwa kwa kipande.

Binti yangu ana usonji (autism), na wazazi wenzangu wenye watoto kama yeye huniuliza sana: nitamkomesha vipi? Mimi swali hilo nimeshaliweka kando. Ninachotaka kujua siku hizi ni kutafuna kunamsaidia nini, na kunamsaidia saa ngapi.

Kupeleka vitu mdomoni si ajabu kwa mtoto mchanga. Ndivyo anavyoijua dunia, na wengi hupunguza wenyewe kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili. Kwa watoto wengi wenye usonji haja hiyo haiondoki. Zamani mambo haya ya hisia hayakuwamo hata kwenye vigezo ambavyo madaktari hutumia kutambua usonji. Ni mwaka 2013 ambapo toleo la tano la mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani lilitaja wazi kwamba mtu mwenye usonji anaweza kuzidiwa na hisia, kutozisikia sawasawa, au kuzitafuta kwa bidii. Wangu yumo kwenye kundi la mwisho, na uwindaji wake wote uko mdomoni.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Hakunipa hotuba. Alinipa penseli, akasema, "Mama, hebu iume kwa magego, uma hasa, halafu sikiliza mabega yako." Nikauma. Mabega yalishuka bila mimi kuyaambia. Akanieleza kuwa misuli ya taya ina nguvu nyingi, na kila inapobana kitu hupeleka kwenye ubongo taarifa nzito kuhusu mwili: uko hapa, umeshikika. Kwa hiyo binti yangu hafuati ladha ya kola. Anafuata ule ukinzani, kile kitu kinachokataa kidogo kabla ya kukubali. Ndiyo maana biskuti laini haikuwahi kumsaidia hata siku moja.

Fikra hizi za hisia na mwili zilienezwa na Jean Ayres, Mmarekani aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1972, na zimezaa tiba nyingi. Wala si zote za kumezwa nzima. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwakumbusha wanachama wake kwamba utafiti juu ya tiba za aina hii ni mchache na haujatoa jibu la uhakika, hivyo wazazi wasaidiwe kupima kama kweli zinafaa kwa mtoto wao. Nakubaliana nao. Kila kitu ninachojaribu hupewa muda wake, na kisipobadilisha chochote hutupwa, hata kama kilinunuliwa kwa mbwembwe.

Kupima kwangu ni daftari. Naandika saa, alikuwa wapi, nini kilitangulia, alitia nini mdomoni, na je, alimeza? Hilo la mwisho nalipigia mstari. Baada ya kurasa kadhaa mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Anatafuna sana kabla ya kutoka nyumbani, watu wanapoongea kwa pamoja, anapoambiwa asubiri, na anapofanya hesabu. Akichora hatafuni kabisa. Akiwa na kiu hutafuna kidogo, akinywa maji anaacha.

Kulikuwa pia na kipindi ambacho alitafuna upande mmoja tu, na usiku pia, jambo ambalo si kawaida yake. Tulimpeleka kwa daktari wa meno, akatuonyesha gego la kudumu likisukuma fizi ili litoke. Magego hayo ya kwanza huota karibu na umri wa miaka sita. Siku hizi mtindo ukibadilika ghafla naanza na mwili kwanza: meno, masikio, kiungulia, koo. Mtoto asiyesema "naumwa" anaweza kuisema kwa kuuma.

Sasa lile la kumeza. Kutafuna kola na kula kola ni mambo mawili, na hapa siwezi kuwa mpole. Kula visivyo chakula, iwe karatasi, mchanga, sabuni au rangi iliyobanduka ukutani, ni jambo la kumwona daktari, si la kuzungushiwa vifaa vya kutafuna. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 ulikuta tabia hiyo kwa takriban asilimia 23 ya watoto wadogo wenye usonji, ilhali kwa watoto wengine ilikuwa kama asilimia 3.5. Daktari ataomba damu ipimwe, aone kama madini ya chuma yamepungua na kama kuna madini ya risasi, hasa mtoto akiwa anabandua rangi za zamani. Yupo mtoto ambaye shida yake ilikuwa upungufu wa chuma, na hakuna mpira wa kutafuna unaotibu hilo.

Halafu kuna vile vibetri vya duara vinavyong'aa. Kikikwama kwenye koo la chakula kinaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, na mtoto huenda asilie. Sumaku ndogo zikimezwa mbili au zaidi hushikana zikiwa kwenye mikunjo tofauti ya utumbo na kuutoboa. Ukishuku tu, nenda hospitali, usingoje dalili. Kwetu rimoti yoyote ambayo kifuniko cha betri hakifungwi kwa skrubu haiingii ndani. Nimeitwa mkali kwa sababu hiyo, na jina limenikaa vizuri.

Vifaa vyenyewe vina darasa lake. Cha kwanza kilikuwa laini mno. Alikimega vipande, na kipande ndicho kinachokaba. Tukahamia silikoni ngumu zaidi, iliyotengenezwa kwa watoto wenye kuuma kwa nguvu. Kinaning'inia kwenye mkufu wenye kifungo kinachoachia chenyewe ukivutwa, na usiku mkufu unavuliwa. Kila asubuhi nakikunja mbele ya dirisha, natafuta mpasuko. Nikiuona, hata mdogo kama kucha ya mtoto mchanga, kinaenda kwenye taka. Kinaoshwa kwa sabuni kila siku. Ngozi ya kidevu, iliyokuwa na vipele kwa sababu ya udenda, tunaikausha kwa kugusa tu, bila kusugua, kisha tunapaka mafuta ya mgando.

Kilicholeta tofauti kubwa kuliko kifaa chenyewe ni wakati. Nampa kabla ya ile saa ya kelele, sio akishazama kwenye kola. Pia nampa kinywaji kizito anywe kwa mrija mwembamba, afanye kazi ya kukivuta. Tunapuliza mapovu. Anabeba kikapu cha nguo zilizolowa hadi kambani, na akirudi mdomo wake mara nyingi umetulia, ingawa hakutafuna chochote. Mswaki unaotetemeka, ambao wengi huusifu, aliutupa dirishani. Ndiyo hivyo.

Kung'ata watu ni habari nyingine, na kwetu ilikuwa fupi. Alikuwa akimng'ata kaka yake alipochukuliwa kitu, maana maneno hayakuja upesi kama meno. Tulimfundisha kadi yenye picha ya mkono uliosimama, maana yake "acha". Kaka mtu naye akafundishwa kuiheshimu, na hapo ndipo palikuwa na kazi zaidi.

Kumpaka kitu kichungu kwenye vidole au kwenye kola nimeshauriwa mara nyingi. Sipaki. Uchungu unafunga mlango wa kola, ile haja inabaki pale pale, na itatafuta mlango mwingine. Kwa watoto wengine mlango huo ni kifundo cha mkono wao wenyewe. Shangazi yake alipokuja alimtazama kwa muda, akasema, "Wifi, mkubwa wote huu bado anatia vitu mdomoni?" Nikamwambia, "Ndiyo wifi, na tazama, amekaa mezani na sisi tangu tulipoanza kula." Hakujibu, ila alisogeza kiti chake karibu na cha mtoto.

Shuleni nimemwandikia mwalimu nusu ukurasa tu. Mkufu si kitu cha kuchezea wala adhabu, usichukuliwe akikosea. Wenzake wasiushike. Akianza kuvuta mkono wa sweta, amtume apeleke vitabu ofisini, vizito kiasi. Mwalimu aliuliza kama akae nao hata wakati wa mtihani. Nikamjibu kwamba wakati huo ndio anauhitaji zaidi.

Jipya ni nywele. Tangu juzi namwona anavuta ncha ya msuko na kuiweka kwenye magego. Kutafuna tu kusingenikosesha usingizi, lakini nywele hazisagiki tumboni, na zikimezwa kwa muda zinaweza kujikusanya zikawa bonge linaloziba. Kwa hiyo nimezifunga juu, mbali na mdomo, na kwenye daftari nimeongeza mstari. Bado sijaona akimeza. Nikiona ncha zimepungua bila mkasi, au akianza kukataa chakula na kulalamika tumbo, siendi kusoma tena mitandaoni, naenda kwa daktari na daftari langu mkononi.