Nilivyohamia kwenye stesheni ya kulehemu inayodhibiti joto

Kwa miaka mingi nimetengeneza redio na amplifaya hapa Tanga kwa chuma cha kulehemu cha wati 60, kile kinachochomekwa moja kwa moja kwenye soketi. Ukikiwasha kinapanda joto tu. Ukikiacha kwenye kishikio huku unasaka transista iliyoungua, ncha inageuka nyeusi na lehemu haishiki tena, inajiviringa kama maji juu ya jani la gimbi. Nilikuwa naikwangua kwa tupa mpaka ing'ae. Sikujua kwamba ncha ile ni shaba iliyovikwa chuma, na tupa inauvua ule mvao. Ukishatoka, lehemu inaila shaba na kuitoboa vishimo.

Jioni mambo yaligeuka. Umeme wa mtaani kwetu hushuka watu wakirudi kazini, na mita yangu imewahi kusoma volti 180. Nguvu ya hita hufuata mraba wa volti, kwa hiyo zile wati 60 za volti 230 zinabaki karibu 37. Chuma kilichounguza bodi asubuhi, usiku hakiyeyushi mguu wa kapasita kubwa.

Kilichonifikisha mwisho ni amplifaya ya msikiti. Nilikuwa nang'oa transista ya kutolea sauti, joto halitoshi, nikakandamiza, nikasubiri, nikakandamiza tena. Padi ya shaba, kile kipande cha bodi ambacho mguu hulehemiwa juu yake, ikabanduka pamoja na mguu. Nilivusha kwa kipande cha waya na sauti ikatoka safi. Muadhini alifurahi, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu." Nami nilipokea fedha yake moyo hautulii, kwa sababu nilijua nilichokiacha ndani ya lile boksi.

Nilipokwenda Kariakoo kutafuta stesheni, yaani chuma chenye boksi lake linalodhibiti joto, nilibeba bodi mbovu ya pawasaplai ya kompyuta, yenye shaba pana upande wa chini. Nashauri kila fundi afanye hivyo. Shaba pana inanyonya joto haraka, na hapo ndipo chuma kinapojulikana.

Vyuma vyenye kitasa cha kuzungushia joto kwenye mpini niliviacha mapema. Vingi havina kihisi cha kupima joto, vinapunguza umeme tu, na namba iliyoandikwa pale haina habari na joto la ncha. Nikajaribu stesheni ya mtindo wa Hakko 936, ambayo kuna nakala zake nyingi. Ina transfoma ya volti 24, na hita yenye kihisi ambayo ncha huvikwa juu yake kama ala. Ni kifaa kizuri na ncha zake ni rahisi. Ila kati ya hita na ncha kuna mwanya mdogo wa hewa, na joto linachelewa kuuvuka. Niliiweka nyuzi 350 za Selsiasi, nikagusa shaba pana. Lehemu ikawa nzito kama uji unaopoa. Kijana wa dukani akanichomekea ya ncha za T12, ambamo hita, kihisi na ncha ni kitu kimoja. Namba ileile 350, na lehemu ikatiririka kabla sijabadilisha mkono. Bei ilikuwa karibu mara mbili. Nikalipa.

Nyumbani, kabla ya kugusa bodi ya mteja, nilipima kati ya ncha na pini ya ethi, ile ya waya wa usalama unaokwenda ardhini. Mita haikusoma kitu. Nikafungua boksi: waya wa ethi ulikuwa umeishia kwenye soketi ya nyuma, haukuunganishwa na mpini. Ncha inayoelea hivyo inaweza kupitisha umeme unaovuja hadi kwenye mosfeti, aina ya transista, na kuiua bila wewe kuona cheche. Niliuunganisha, mita ikasoma chini ya omu 1. Ukinunua nakala, pima hilo kwanza, na hakikisha soketi yako nayo ina ethi ya kweli.

Siku hizi naiweka 320 kwa redio za zamani. Lehemu yao yenye madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, kwa hiyo hiyo inatosha. Bodi mpya zina lehemu isiyo na risasi inayoyeyukia karibu 217, na hizo nazipa 350. Ncha ya sindano iliyokuja nayo niliitoa siku ya pili, maana inagusa mahali padogo mno. Natumia ya patasi ya milimita 2.4. Naifutia kwenye nyuzi za shaba nyeupe badala ya sponji ya maji, na sizimi bila kuiachia tone la lehemu nchani.

Ile amplifaya niliiomba irudi. Nilitoa waya wangu, nikakwangua njia ya shaba hadi ikang'aa, nikalaza ukanda wa shaba na kuulehemu upya, bila malipo. Chuma cha zamani bado kinaning'inia kwenye msumari; nakitumia kuunga plastiki za makasha yaliyopasuka.